Mawimbi Hayajui Mpaka

Nchini Marekani, wanaredio wa ridhaa wapendao sauti ya AM hukutana hewani hasa kwenye kilohezi 3885 na 7290. Mwandalizi wa Kenya, Uganda au Tanzania hawezi kuyaiga masafa hayo. Katika Kanda ya Kwanza ya kimataifa, iliyo na Afrika yote, ridhaa hukomea 3800 na 7200. Juu ya 3800 ni nafasi ya vituo vya nchi kavu na vya ndege, na juu ya 7200 ni ya idhaa za utangazaji. Tena AM hutwaa kilohezi 6 hivi, maradufu ya SSB. Arushaye kwenye 7199, kwa leseni halali, amekwisha kuvuka. Hivyo wenzi wa nchi jirani hupatana masafa mapema, husikiliza kwanza, na mwito wa dharura ukisikika, wote hunyamaza.