Magoti ya Mwaloni na Mashine ya Wajawazito

Alfajiri, mitumbwi inapofika mwalo wa Kibirizi, kazi ya wavuvi waliokesha na taa huwa imekwisha, na ya akina mama ndiyo kwanza inaanza. Dagaa huanikwa mchangani, na mwanikaji hana budi kuchutama, kupiga magoti, kuinuka na ndoo, kisha kuchutama tena hadi jua likolee. Baada ya miaka mingi ya kazi hiyo goti huanza kudai chake. Kwanza hulia asubuhi tu. Baadaye huvimba, na mwenyewe hulazimika kuswali akiwa kitini.

Wengi husema ni baridi ya ziwa, wakanunua vidonge vya maumivu na kuvimeza mwezi hata mwezi. Ziwa huonewa bure, na vidonge hivyo vikizoelewa huweza kuumiza tumbo na figo.

Ndani ya goti, ncha za mifupa zimefunikwa na gegedu, tabaka laini lenye unene wa milimeta chache. Gegedu halina mishipa ya fahamu wala ya damu; kwa hiyo huchakaa kimyakimya, na likichakaa si rahisi kujiponya. Daktari atalionaje bila kisu?

Njia mojawapo ni altrasaundi, mashine ambayo wananchi wengi huijua kwa kupima wajawazito. Wako wazee wanaoona haya kuandikiwa kipimo hicho, wakidhani wamekosewa mlango! Kazi yake ni ile ya mwangwi. Kina cha Ziwa Tanganyika, kinachofikia meta 1,470 hivi, hupimwa kwa kutuma sauti chini na kusubiri irudi. Altrasaundi nayo hutuma mwilini sauti isiyosikika kwa sikio, kisha huchora picha kutokana na mwangwi wake. Mwaka 1958 daktari Ian Donald na wenzake wa Glasgow walitangaza matokeo ya kuchunguza matumbo kwa njia hiyo, baada ya kuazima ujuzi wa viwandani wa kutafuta nyufa katika vyuma.

Mgonjwa akikunja goti sawasawa, gegedu la mfupa wa paja huonekana kama utepe mweusi. Likichakaa, utepe huo hukonda na kingo zake hukwaruzika. Huonekana pia maji yaliyojaa gotini, vinundu vya mfupa vilivyoota pembeni, na mfuko wa maji nyuma ya goti. Huo wa mwisho si jambo dogo. Ukipasuka, mguu huvimba mfano wa mtu aliyeganda damu mshipani, na damu iliyoganda yaweza kusafiri hadi mapafuni na kuua. Tangu mwaka 1972 waganga wamekuwa wakiandika jinsi altrasaundi inavyotenganisha mawili hayo.

Hata hivyo isisifiwe kupita kiasi. Sauti haipenyi mfupa. Huonyesha uso wake tu, na sehemu ya gegedu hubaki imefichika. Eksirei, hasa mgonjwa akiwa amesimama, bado inahitajika. Mashine kubwa ya sumaku huona zaidi, lakini kuifuata Taasisi ya Mifupa Muhimbili ni safari ya reli ya zaidi ya kilometa 1,200. Na altrasaundi hutegemea sana mkono na jicho la mpimaji.

Goti lililovimba ghafla, likawa la moto na kuandamana na homa, lisingojee foleni ya picha. Lipelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwani usaha ndani ya goti hula gegedu kwa siku chache.

Kwa goti lililochakaa, dawa kubwa ni mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja, kupunguza uzito uliozidi, na kubadili namna ya kufanya kazi. Jirani zetu wa Burundi, katika ziwa hili hili, FAO ilieneza chanja za waya zilizoinuliwa kiasi cha meta moja kutoka ardhini, ili dagaa wasichanganyike na mchanga. Shabaha ilikuwa dagaa. Lakini mwanikaji wa chanja hiyo hufanya kazi yake akiwa amesimama.