Kuhema Baada ya Mita 800

Mkimbiaji wa mita 800 akivuka mstari wa mwisho, huinama, hushika magoti, huhema. Watazamaji husema anatafuta oksijeni. Ni kweli, ila hiyo ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni kwamba anatoa asidi. Kwa kasi kama ya David Rudisha jijini London mwaka 2012, alipoweka rekodi ya dunia ya dakika 1 na sekunde 40.91, misuli hutaka nishati upesi kuliko oksijeni inavyoweza kuizalisha, hivyo huvunja glukosi kwa njia ya mkato. Lakteti hujaa, na pamoja nayo ioni za haidrojeni, ambazo ndizo asidi yenyewe. pH ya damu, ambayo kwa mtu aliyetulia ni 7.4 hivi, huweza kushuka hadi karibu 7.0. Mgonjwa akifika wodini na kiwango hicho, madaktari hukimbizana. Mwanariadha hupumzika tu, akapona.

Kinachomwokoa ni bikaboneti ya damu. Huidaka ioni ya haidrojeni, na mwishowe hupatikana maji na kabonidayoksaidi. Bikaboneti hiyo si nyingi, takriban milimoli 24 kwa lita, na ingelemewa upesi kama gesi ingebaki ndani. Ndiyo maana vihisio vilivyo kwenye mishipa ya shingo, vikigundua asidi inapanda, huuchochea ubongo uharakishe pumzi. Ushahidi uko katika damu yenyewe: kabonidayoksaidi hushuka chini hata ya kiwango cha mtu aliyetulia. Pumzi ya kutafuta oksijeni peke yake isingehitaji kufika huko. Figo, zinazosifiwa sana vitabuni, hapa haziwahi. Kazi yao ni ya saa na siku.

Kama ulinzi huu ni imara, mbona miguu hugoma? Kwanza, ndani ya msuli pH hushuka zaidi, hadi karibu 6.5. Pili, asidi haistahili lawama yote: wenye ugonjwa wa McArdle, ambao misuli yao haiwezi kuvunja glaikojeni, karibu hawaongezi lakteti, na bado huchoka upesi. Lakini kuifutia asidi mashtaka yote nako ni kupita kiasi. Wanariadha wanaomeza sodiamu bikaboneti, gramu 0.3 kwa kila kilo ya mwili, mara nyingi hupata nafuu ndogo katika mbio za dakika chache, ingawa dawa hiyo haiingii kwa urahisi ndani ya msuli. Hubaki kwenye damu, ikiivuta asidi itoke. Na tumbo la baadhi yao huvurugika kabla hata bunduki haijalia.