Semezaneni kabla upepo haujafika



Bila shaka unazikumbuka siku za mwanzo za Mei 2024. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ilitutangazia kwamba kimbunga kilichopewa jina Hidaya kilikuwa baharini, kikielekea pwani yetu. Kwa Kiswahili chetu hidaya ni zawadi, lakini zawadi ile hakuna aliyeitamani. Boti za Unguja zilisitisha safari, na wavuvi wakavuta mashua zao nchi kavu. Sisi tulio karibu na ikweta hatujazoea wageni wa namna hiyo. Vimbunga vinavyotajwa sana katika historia yetu ni kile cha Zanzibar cha mwaka 1872, kilichong’oa mikarafuu mingi ya Unguja, na kile cha Lindi cha mwaka 1952.

Hidaya kilifika kisiwani Mafia Jumamosi, tarehe 4 Mei, kikapungua nguvu. Hata hivyo mvua zake zilikata barabara ya kusini pale Somanga, wilayani Kilwa.

Katika wilaya hiyo hiyo wanaishi vijana wawili wanandoa walionisimulia habari ninayotaka kukushirikisha leo. Wameniruhusu niiandike, majina nayaweka kando. Walikuwa na miezi kumi tu tangu wafunge ndoa, na mke alikuwa na ujauzito wa miezi saba.

Tangazo la TMA lilipotoka, walijiandaa vizuri kuliko majirani wengi. Mume alipanda juu ya paa akakaza misumari, akapanga viroba vya mchanga juu ya bati. Mke alijaza maji madumu yote, akachemsha maharage, akanunua mishumaa, akachaji simu. Kadi ya kliniki, vyeti vya shule na cheti cha ndoa alivifunga ndani ya mfuko wa nailoni, akaviweka juu ya kabati.

Kitu kimoja tu kilikosekana: walikuwa hawasemezani. Siku nne kabla, mke aligundua kwamba shilingi laki tatu walizoweka kwa ajili ya uzazi hazipo. Mume alikuwa amemkopesha kaka yake bila kumwambia. Tangu siku hiyo maneno yao yalikuwa “shika”, “leta” na “chakula hicho hapo”. Cheti cha ndoa kilikuwa salama ndani ya nailoni, ndoa yenyewe ilikuwa nje inanyeshewa.

Upepo ulipoanza kuvuma kwa nguvu na umeme ukakatika, mke alimkumbuka bibi jirani, mama mzee wa Kiislamu anayeishi peke yake katika nyumba ya udongo na makuti. Akachukua khanga ajitande, atoke. Mume akamzuia mlangoni, akaenda yeye. Alirudi amemshika mkono yule bibi, wote wamelowa.

Wakakaa watatu sebuleni na mshumaa mmoja. Bati lilipiga kelele, maji yakaanza kupita chini ya mlango. Bibi akaomba dua zake, wao wakashika rozari. Walipomaliza, bibi akawatazama akasema, “Wajukuu zangu, mbona nyumba hii kimya? Huko nje upepo unasema, humu ndani hamsemi.”

Hakuna aliyejibu. Baada ya kitambo mume akasema, “Mke wangu, zile pesa nilikosea. Niliogopa kukuambia kwa sababu nilijua utakataa, na ungekuwa na haki.” Mke alilia. Kisha akamwambia kwamba hasira yake haikuwa ya pesa peke yake. Alichoogopa ni kujifungua akiwa na mwanamume asiyemjua. Wakaongea mpaka karibu na alfajiri, bibi akisinzia kati yao.

Ndugu msomaji, Bwana wetu alipotoa mfano wa nyumba mbili (Mt 7:24-27), hakusema kwamba aliyejenga juu ya mwamba alisamehewa mvua. Nyumba zote mbili zilipigwa na upepo uleule na mafuriko yaleyale. Tofauti ilikuwa chini, mahali ambapo mpita njia haoni. Majirani waliyasifu mabati ya vijana wetu. Ufa uliokuwa kwenye msingi hawakuuona.

Kimbunga cha baharini kina TMA ya kututangazia. Dhoruba za ndani ya nyumba hazina. Kupoteza kazi, ugonjwa, msiba, mtoto asiyepatikana: hayo hayatoi taarifa ya siku tatu. Ndiyo maana mtume Paulo aliwaonya Waefeso wasiache jua lizame wakiwa bado na hasira (Efe 4:26). Msamaha ni kazi ya siku ya jua, kama kukaza misumari. Anayesubiri upepo ufike ndipo apande juu ya paa, ataanguka.

Dominika iliyofuata Jumamosi ile, Kanisa lilisoma Injili ambamo Yesu anatuamuru tupendane kama alivyotupenda, hata kutoa uhai kwa ajili ya rafiki (Yn 15:9-17). Masomo hayo yalipangwa miaka mingi kabla Hidaya hakijatajwa. Kwa vijana wale upendo huo ulikuwa mume kutoka kwenye mvua kwa ajili ya bibi asiye wa ukoo wake wala wa dini yake. Tena tazama: mlango walioufungua ili wamwokoe jirani, ndio uliowaingizia neno lililowaokoa wao.

Jumapili ya leo hali ya hewa huenda ni shwari kwako. Basi itumie. Kama kuna neno ulilomficha mwenzi wako, mwambie kabla ya kulala. Kama kuna jirani ambaye paa lake si imara, mfahamu jina lake leo, usisubiri tangazo.

Nakutakia Dominika njema na amani nyumbani mwako.