Mwanga unatoka wapi? Neno juu ya rangi katika picha za kanisa

Tukitazama picha kanisani tunauliza kwanza: Huyu ni nani? Anafanya nini? Maulizo hayo ni mazuri, lakini hayatoshi. Rangi na mwanga vinagusa moyo kabla akili haijatambua sura. Jambo hili tulifundishwa Vitshumbi, kando ya Ziwa Edward, na mama mmoja, mjane wa mvuvi.

Tulikuwa tumechora katika shapeli Yezu akituliza dhoruba. Maji tuliyapaka buluu safi, mbingu nyeupe, chombo manjano, na mawimbi tuliyafanya makubwa sana. Mama yule alitazama kwa muda, akasema: «Padri, maji haya hayaui.» Neno lake lilituchoma, maana ziwa lilikuwa limemchukua mume wake. Mawimbi yalikuwapo ukutani; hofu haikuwapo.

Kosa letu lilikuwa nini? Mwanga tuliueneza sawasawa pahali pote, na mwanga wa namna hiyo hutuliza moyo. Pilipili Mulongoy, mmoja wa wachoraji wa karakana ambayo Pierre Romain-Desfossés aliifungua Lubumbashi mwaka 1946, aliutumia vema: samaki na ndege wake hawana vivuli, nyuma yao kumejaa alama ndogo ndogo, na anayewatazama anapata amani. Lakini saa ya dhoruba yataka mwanga mwingine.

Tutazame picha ya Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi, aliyoichora mwaka 1633 juu ya habari hiyo hiyo (Mk 4, 35-41). Iliibiwa Boston mwaka 1990; leo tunaijua kwa nakala tu. Sehemu yake kubwa ni giza. Upande wa kushoto wingu limepasuka, na mwanga wa manjano unapiga povu la wimbi na watu wanaopigana na tanga. Jicho letu linakimbilia pale penye hatari. Yezu yuko nyuma ya chombo, upande wa kuume, penye giza zaidi. Mwanga wake ni mdogo na mtulivu. Hivi tunafanya safari ya mitume wenyewe: kwanza tunaona wimbi, halafu tunamtafuta Bwana.

Tushike basi mambo matatu. Kwanza, mwanga hupata nguvu kando ya giza: manjano kidogo karibu na nyeusi yang'aa kuliko manjano mengi karibu na nyeupe. Pili, nyekundu na manjano huonekana kusogea kwetu. Buluu huonekana kurudi mbali. Tatu, mwanga ukitoka upande mmoja huamsha moyo. Ukitoka pande zote huupumzisha. Wavuvi wanayajua haya: maji yale yale hung'aa kama fedha asubuhi nyavu zinapopandishwa, na huwa kama risasi mvua inapokaribia.

Tulipaka ukuta upya, weusi na kahawia, tukaacha ufa mmoja wa mwanga. Mama yule alirudi, akasimama kimya. Halafu akauliza: «Na Bwana, yuko wapi?» Akamtafuta kwa kidole mpaka akamwona.

Ndugu makatekista, mnapofundisha kwa picha, msianze na majina ya watu. Waulizeni wakristu: Mwanga unatoka wapi, na unamwangukia nani? Mara nyingi watawajibu vizuri kuliko tulivyojua sisi.