Shujaa na Dadu: Nani Mwamuzi?

Msomaji mpenzi, huenda umewahi kusikia juu ya mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Ulitungwa na Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, ukachapishwa mwaka wa 1974. Hauhitaji ubao, wala hauna mshindi. Wachezaji huketi mezani, kila mmoja akiwa na shujaa wake, naye msimamizi huwasimulia wanayoyaona: pango, joka, daraja bovu. Kisha huuliza, "Haya, mwafanya nini?"

Hapo ndipo swali langu linapozuka. Je, shujaa huyo ana hiari, au ameandikiwa?

Hebu tutazame. Ukisema, "Namkata joka," humkati hivi hivi tu. Warusha dadu yenye pande 20, kila upande ukiwa na nafasi ya asilimia 5. Uamuzi ni wako, matokeo si yako. Mimi naona hiyo ni hiari tosha, kwani hata sisi twabukua mwaka mzima bila kuijua karatasi ya mtihani. Katika kanuni za mwaka wa 2014, shujaa aliye mahututi hurusha dadu hiyo kila zamu yake ifikapo: 10 au zaidi ni heri, chini ya hapo ni shari. Heri tatu, amenusurika. Shari tatu, buriani.

Kumbe anayeweza kumnyima shujaa hiari si dadu, ni mwenye kupanga hadithi. Mwaka wa 1984 vilianza kutoka visa vya Dragonlance, vyenye mashujaa walioundwa tayari na hadithi iliyokwisha kupangwa. Kwa kuwa mashujaa hao walihitajiwa huko mbele, msimamizi alishauriwa kwamba wakifa, kifo chao kiwe cha kutatanisha ili waweze kurudi. Ushujaa gani huo, jamani? Waingereza nao, katika Warhammer ya 1986, waliwapa mashujaa alama chache za majaaliwa. Ukitumia moja waepa kifo, zikiisha, zimeisha. Hapo walau mtu ajua bahati aliyobakiwa nayo.

Na Fumo Liyongo wetu je? Hakuna cha kumuua ila sindano ya shaba kitovuni. Hilo lilikuwa limeandikwa. Lakini aliyemwambia mwanawe siri hiyo ni yeye mwenyewe, kwa kinywa chake. Ningekuwa mimi msimamizi wa kisa hicho, hapo ningeiweka dadu kando, nimtazame mchezaji na kumwuliza: "Mwanao amekuuliza. Wamjibu nini?"