Mashine ya Kushindilia Taka Jikoni: Utendaji, Utunzaji na Urekebishaji Wake

Takataka za nyumbani zina sifa moja ambayo mara nyingi husahauliwa: sehemu kubwa ya ujazo wake ni hewa. Kopo tupu, boksi la karatasi na chupa ya plastiki hujaza pipa upesi, ilhali mata iliyomo ndani yake ni kidogo sana. Hewa hiyo ikiondolewa, pipa lililojaa kwa siku moja laweza kutosha kwa siku kadhaa.

Wazo hilo ndilo lililozaa mashine ya umeme ya kushindilia taka nyumbani. Kampuni ya Whirlpool ya Marekani ilianza kuiuza mwaka 1969, na katika miaka ya 1970 na 1980 mashine za aina hiyo zilionekana katika majiko mengi ya nchi hiyo. Baadaye umaarufu wake ulipungua. Hata hivyo, zingali zinatengenezwa, na nyingi za zamani bado zinafanya kazi kwa sababu wenyewe wamejua kuzitunza.

Kwa mwanafunzi wa sekondari, mashine hii ni mfano mzuri wa somo la fizikia. Ndani ya kabati moja mna parafujo, gia, mnyororo, mota na swichi, na kila kimoja kinategemea kingine. Aidha, ni mashine iwezayo kuvunja mkono. Anayeifungua bila kuelewa inavyofanya kazi hujihatarisha.

Sehemu zake

Kwa nje mashine hii hufanana na kabati dogo la jikoni. Mbele yake ipo droo ambayo ndani huwekwa mfuko mgumu wa kupokelea taka. Juu ya droo huning'inia bamba la chuma lenye upana unaokaribia ule wa droo yenyewe. Bamba hilo ndilo linaloshuka na kukandamiza taka.

Katika mashine nyingi, bamba huendeshwa na parafujo mbili ndefu zilizosimama wima, moja kila upande. Kila parafujo hupita katika nati iliyofungwa kwenye fremu ya bamba. Mota ya umeme, ambayo kwa kawaida ina uwezo wa takriban theluthi moja ya nguvu-farasi, yaani wati 250 hivi, huzungusha parafujo zote mbili kwa pamoja kupitia gia na mnyororo. Zikizunguka upande mmoja bamba hushuka, na zikizunguka upande wa pili bamba hupanda.

Inafaa kutofautisha kazi hii na ile ya mchi na kinu. Mchi hutwanga: hupata kani yake kutokana na mwendo, nao hupiga mara nyingi. Bamba la mashine hii halipigi. Hushuka polepole na kusukuma bila kuacha, na kani yake huongezeka kadiri taka zinavyozidi kukaza.

Parafujo na kuongezeka kwa kani

Mota ndogo inawezaje kutoa kani inayolingana na uzito wa tani moja? Jibu limo katika parafujo. Chukua mfano wa hesabu: gurudumu lenye nusu kipenyo cha milimita 50 linazungusha parafujo ambayo umbali kati ya uzi na uzi ni milimita 5. Gurudumu likizunguka mara moja, ukingo wake husafiri takriban milimita 314, lakini bamba hushuka milimita 5 tu. Uwiano wa mwendo basi ni 314 kwa 5, yaani karibu 63.

Kama pasingekuwa na msuguano, kani ingeongezwa mara 63. Lakini parafujo ina msuguano mwingi. Ikiwa ufanisi wake ni asilimia 25, kani huongezwa mara 16 hivi. Ili kupata niutoni 10,000 kwenye bamba, zitahitajika niutoni 630 hivi kwenye ukingo wa magurudumu, zikigawanywa kati ya parafujo mbili. Gia zilizopo kati ya mota na mnyororo humalizia kazi iliyobaki.

Msuguano huo si hasara tupu. Parafujo yenye ufanisi mdogo kuliko nusu haiwezi kurudishwa nyuma na mzigo wake. Ndiyo maana jeki ya parafujo haishuki yenyewe chini ya uzito wa gari. Vivyo hivyo, umeme ukikatika katikati ya kazi, bamba hubaki pale pale lilipofika.

Kanieneo nayo inastahili kutazamwa. Bamba lenye eneo la mita ya mraba 0.1 likisukuma kwa niutoni 10,000, kanieneo yake ni paskali 100,000, sawa na ile ya angahewa. Hicho si kiasi cha kutisha. Lakini chupa moja ikisimama peke yake katikati, na kuguswa na bamba kwenye eneo la sentimita 10 za mraba tu, kanieneo mahali hapo hupanda hadi paskali milioni 10. Chupa hupasuka papo hapo. Hii ndiyo sababu chupa na makopo hushauriwa kuwekwa katikati ya droo, juu ya taka nyingine, wala si pembeni ambako vipande vyake vyaweza kutoboa mfuko au kukwamisha droo.

Mashine hutambuaje kwamba imemaliza?

Sehemu hii ndiyo yenye ubunifu mkubwa zaidi. Kiasi cha taka hubadilika kila siku, hivyo haiwezekani kupanga mapema mahali ambapo bamba litageuka. Katika mashine nyingi za mtindo wa zamani, kazi hiyo hufanywa na mota yenyewe.

Mota hiyo ina koili mbili: koili kuu, na koili ya kuanzishia. Koili ya kuanzishia ndiyo inayoamua mota izunguke upande gani. Ncha zake zikibadilishwa, mota huanza kuzunguka upande wa pili. Mota ikishika kasi, vizito vidogo vilivyo kwenye mhimili wake husukumwa nje na kufungua swichi, nayo koili ya kuanzishia hukatwa katika umeme. Kuanzia hapo mota huendelea kwa koili kuu peke yake.

Bamba linapoanza kushuka, swichi ya mwelekeo hubadilisha ncha za koili ya kuanzishia. Mota haijali, kwa kuwa wakati huo koili hiyo haimo katika mzunguko wa umeme. Bamba hushuka, hukutana na taka, hukaza. Mota huelemewa, kasi yake hupungua, vizito hurudi ndani, na koili ya kuanzishia huunganishwa tena. Safari hii ncha zake zimekwisha kubadilishwa, kwa hiyo mota hugeuka na kulipandisha bamba. Likifika juu, hugusa swichi ya kikomo na umeme hukatika.

Kutokana na maelezo hayo hutoka jambo muhimu kwa fundi: mota haina macho. Haiwezi kutofautisha ukinzani wa taka na ukinzani wa parafujo iliyokauka grisi. Parafujo ikikauka, mota huelemewa mapema na kugeuka kabla taka hazijashindiliwa. Mwenye mashine ataona bamba likishuka na kupanda kama kawaida, lakini mfuko utajaa upesi. Wengi hudhani mota imechakaa, kumbe kinachohitajika ni grisi tu.

Utunzaji

Kabla ya kazi yoyote, plagi ichomolewe ukutani. Kuzima swichi au kufunga kwa ufunguo hakutoshi. Glavu nene zivaliwe, kwani vipande vya glasi hujificha chini ya bamba na nyuma ya droo.

Mfuko ukiisha kuondolewa, droo itolewe, na sakafu ya kabati isafishwe. Taka zinazoanguka nyuma huzuia droo isifungwe kabisa. Bamba lipanguswe kwa maji ya moto na sabuni. Kama mashine ina kichujio cha mkaa cha kuondoa harufu, kibadilishwe kinapochoka.

Parafujo zifutwe grisi ya zamani, ambayo hushika vumbi na kugeuka kama msasa, kisha zipakwe grisi mpya ya kuhimili mzigo mzito, kama mtengenezaji anavyoelekeza. Mnyororo uangaliwe usilegee. Ukiruka jino hata moja upande mmoja, parafujo moja itatangulia nyingine, bamba litainama, na nati zitalika haraka.

Kutafuta hitilafu

Fundi mzuri huanza na yale yaliyo rahisi kuyapima, na hujaribu jambo moja kwa wakati mmoja. Akibadilisha vitu vitatu kwa pamoja, mashine yaweza kupona bila yeye kujua ilikuwa na ugonjwa gani.

Mashine isipowaka kabisa, atazame kwanza soketi, fyuzi na ufunguo. Kisha atazame swichi ya droo, ambayo hairuhusu umeme kupita mpaka droo ifungwe barabara. Mota iliyopata joto kupita kiasi huweza kukatwa na kinga yake. Iachwe ipoe kabla ya kujaribiwa tena.

Mota ikinguruma bila kuzunguka, shaka ielekezwe kwenye koili ya kuanzishia, swichi yake ya kasi, na kapasita kama ipo. Kapasita huhifadhi chaji hata baada ya plagi kuchomolewa, hivyo iondolewe chaji kupitia kikinzani kabla ya kuguswa. Lakini mota haina kosa kama bamba lenyewe limekwama. Mnyororo ukiondolewa na mota ikazunguka vizuri, hitilafu iko mbele yake.

Mota ikizunguka na bamba lisisogee, mnyororo umekatika, pini ya gurudumu imevunjika, au uzi wa nati umelika. Nati hutengenezwa kwa mata laini kuliko parafujo ili zilike zenyewe na kuokoa parafujo, ambayo ni ghali zaidi. Zibadilishwe zote mbili kwa pamoja, na bamba lisawazishwe kabla ya mnyororo kurudishwa.

Bamba likishuka na kubaki chini, swichi ya mwelekeo ndiyo ya kushukiwa kwanza. Mita ya ukinzani itaonyesha kama inafunga na kufungua ipasavyo. Ili kulipandisha bamba, parafujo huzungushwa polepole kwa mkono huku plagi ikiwa nje. Kuivuta droo kwa nguvu ni kosa. Hupinda reli na kuongeza gharama.

Tahadhari

Makopo ya dawa za kupuliza, petroli, rangi, dawa za wadudu na matambara yenye mafuta yasitiwe kamwe katika mashine hii. Kopo la gesi likipasuka karibu na cheche ya swichi laweza kusababisha moto. Taka zisishindiliwe kwa mguu wala kwa mkono. Ufunguo ukae mbali na watoto. Uliwekwa kwa ajili yao.

Onyo lingine linamhusu anayeagiza mashine kuukuu kutoka Marekani. Mashine za huko zimetengenezwa kwa volti 120 na hezi 60. Tanzania na Kenya hutumia volti zinazokaribia mara mbili ya hizo, na hezi 50. Ikichomekwa moja kwa moja, mota itaungua. Transfoma hurekebisha volti lakini haibadilishi hezi. Mota iliyoundwa kuzunguka kwa kasi ya karibu mizunguko 1,725 kwa dakika itazunguka kama 1,440 hivi, itapata joto zaidi, na itakaribia ile kasi ambayo swichi yake hugeuza mwendo.

Faida na mipaka yake

Mashine hii yaweza kupunguza ujazo wa taka kavu hadi robo hivi. Haipunguzi tungamo hata kidogo. Mfuko uliokuwa mwepesi huwa mzito wa kilo 10 na zaidi. Tena, ambako magari ya kuzoa taka hushindilia yenyewe, nafasi iliyookolewa nyumbani haiongezi sana nafasi jalalani. Kwa maganda ya ndizi na mabaki ya mboga, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya taka za miji ya Afrika Mashariki, mashine hukamua maji tu na kuleta uvundo. Taka hizo hufaa zaidi kufanywa mboji. Kanuni ya kushindilia, hata hivyo, ina faida kubwa mahali pake: marobota ya pamba na ya katani yamefungwa kwa njia hiyo kwa miaka mingi, na leo chupa za plastiki hufungwa vivyo hivyo kabla ya kupelekwa kuyeyushwa.

Jaribio la darasani

Jaza ndoo moja karatasi na makopo matupu, na nyingine maganda ya matunda. Pima tungamo la kila ndoo na kimo cha taka. Weka ubao mviringo juu ya taka, kisha panga matofali matano juu ya ubao. Baada ya dakika kumi, ondoa matofali na upime tena.

1. Ni ndoo ipi iliyopungua ujazo zaidi, na kwa nini?
2. Je, tungamo limebadilika? Eleza.
3. Kokotoa kanieneo ya matofali juu ya taka.
4. Pima umbali kati ya uzi na uzi wa jeki ya parafujo na urefu wa mkono wake, kisha kokotoa uwiano wa mwendo. Je, kani halisi itaongezeka kwa kiasi hicho hicho?

Mwanafunzi atakayejibu maswali hayo kwa vipimo vyake mwenyewe ameshika ufunguo wa mashine hii, na wa mashine nyingine nyingi zitumiazo parafujo.