Kiyoyozi cha jua: mtaji umo kwenye betri

WAFANYABIASHARA wanaokodisha magari ya kambi, yale yenye vitanda na jiko ndani, na wanaofikiria kuyafunga viyoyozi vya umeme wa jua, wanashauriwa kupiga hesabu ya betri kabla ya kununua paneli hata moja.

Mteja huhitaji ubaridi zaidi usiku, wakati jua halipo. Kiyoyozi cha kawaida cha paani cha BTU 13,500 hula takriban wati 1,300 kompresa inapozunguka. Ikizunguka nusu ya usiku wa saa 10, uniti 6.5 zimekwenda. Kiyoyozi cha inveta cha BTU 9,000 hupunguza kasi badala ya kuzima na kuwaka. Kwenye gari lililozibwa vizuri lisipitishe joto, kikitumia wastani wa wati 350, usiku huo huo humaliza uniti 3.5.

Ukiongeza upotevu wa asilimia 10 hivi katika kugeuza umeme, betri ya lithiamu ya uniti 5 inatosha. Kwa kiyoyozi cha kawaida zingehitajika uniti 9. Betri za asidi ni rahisi kununua, lakini hazifai kutumiwa zaidi ya nusu ya ujazo wake. Kazi hiyo hiyo ingetaka betri 7 za saizi ya 100, uzito wa kilo 200 hivi, wakati za lithiamu hazifiki kilo 60.

Bei nazo zimeshuka. Kwa mujibu wa BloombergNEF, wastani wa dunia wa betri za lithiamu ulikuwa dola 139 kwa uniti mwaka 2023, ukawa dola 115 mwaka 2024. Hiyo si bei ya dukani. Nauli, kodi na faida ya muuzaji huongezwa juu yake.

Paneli za wati 1,200 zikipata saa 5 za jua kali hutoa uniti 4.5 hivi kwa siku, na huchukua mita 6 za mraba. Paa la Coaster linazibeba. Land Cruiser yenye hema juu haina nafasi hiyo. Tena gari likiegeshwa chini ya mwembe hupoa, lakini paneli hazizalishi kitu cha maana.

Jambo la mwisho ni njia anayopita mteja. Bagamoyo, Pangani na Diani usiku ni wa joto na unyevu, na kiyoyozi kinaweza kupandisha bei ya kukodisha. Ukingoni mwa Ngorongoro, mita zipatazo 2,300 juu ya usawa wa bahari, mteja huulizia blanketi.

Mwenye mtaji mdogo na magari yanayokwenda mbugani tu, fedha yake ni afadhali aiweke kwenye friji na taa za jua. Mwenye Coaster na wateja wa pwani anayo sababu ya kuulizia bei.